Uzi: Nini hasa kinachokishika kiputo kisipasuke?

Mleta uzi (Unguja)

Assalaam alaykum wadau.

Juzi jioni mwanangu alikata kikonyo cha jani la mpapai, akakichovya kwenye kikombe cha maji ya sabuni, akapuliza taratibu. Kiputo kikatoka kikubwa kama ndimu, kikayumba juu ya kamba ya nguo, kikafika usawa wa ukuta wa uani, kikapotea. Akanigeukia: "Baba, sabuni ndiyo inayoyakaza maji?"

Nasomesha sayansi skuli, na ulimi ulikuwa tayari kusema ndiyo. Nikajizuia. Jibu hilo nimelisikia barazani, nimelisikia hata kwa walimu wenzangu, na ni kinyume cha ukweli. Sabuni inayalegeza maji. Nataka tulizungumze hili kwa kituo, maana likishakaa sawa, mengine mengi yanafunguka.

Chukueni maji matupu. Molekuli, yaani chembe ndogo kabisa ya maji, iliyo katikati inavutwa na wenzake kutoka kila upande. Iliyo juu kabisa haina wenzake juu yake, kwa hiyo mvuto wote ni wa chini na wa pembeni. Ndiyo maana uso wa maji hujibana, unataka kuwa mdogo kadiri inavyowezekana. Tazama tone la mvua juu ya jani la jimbi lilivyojikunja likawa gololi. Nguvu hiyo ni mvutano wa uso, na maji yanayo nyingi kuliko vimiminika vingi vya nyumbani: takriban milinewtoni 72 kwa kila mita katika joto la nyuzi 25. Ukitia sabuni, inashuka hadi 25 au 30 hivi.

Sasa tazama kinachotokea ukijaribu kutengeneza kiputo cha maji matupu. Ukuta wake ukikonda mahali kidogo tu, hakuna cha kuuzuia usiendelee kukonda. Maji yanahama, tundu linafunguka, na ule mvutano mkali unalirarua tundu mpaka ukuta wote umekwisha. Mvutano mkubwa ndio unaokiua kiputo.

Sabuni inafanya hivi. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu unaoyakimbia, basi zinajipanga usoni, kichwa majini, mkia hewani. Ukuta wa kiputo una safu moja ya sabuni nje, safu nyingine ndani, na maji kidogo katikati. Mahali pakivutika na kukonda, sabuni ya hapo inatawanyika, inakuwa chache. Penye sabuni chache mvutano unapanda, na penye mvutano mkubwa ndipo panapovuta jirani. Kwa hiyo pale palipodhoofika panajivutia sabuni kutoka pembeni, na sabuni inakuja pamoja na maji iliyoyashika. Ukuta unajiziba kabla hujatoboka.

Mtaliana Carlo Marangoni aliandika juu ya mwendo huu wa maji mwaka 1865, na baadaye Mmarekani Gibbs akaeleza jinsi unavyozipa tando za sabuni uhai wake.

Anayetaka kuuona kwa macho, ajaze sahani maji, anyunyize pilipili manga ya unga juu yake, kisha aguse katikati kwa ncha ya kidole chenye sabuni. Pilipili itakimbilia ukingoni mara moja. Wengi husema sabuni imeisukuma. Kilichotokea ni kwamba katikati pamelegea, na maji ya pembeni ambayo bado yana mvutano wao yameivuta.

Mama wa Makunduchi

Waalaykum salaam mwalimu. Miye nna swali la beseni. Huku kwetu ukifua kwa maji ya kisima, kipande cha sabuni kinakwisha na povu hulioni. Yanakuja madonge meupe yanaelea, yananata kwenye ukingo wa beseni kama maziwa yaliyoganda. Bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa hafulii buibui lake kwa maji ya kisima. Aliweka pipa chini ya mchirizi wa paa, na maji yale ya mvua sabuni kidogo tu povu linamfika viwiko. Tunauziwa sabuni mbovu au vipi?

Mleta uzi

Sabuni yenu nzima, mama. Tatizo ni jiwe mnalolikalia. Kusini na mashariki ya Unguja kisiwa ni jiwe la matumbawe, yaani chokaa. Mvua ikipita kwenye udongo inabeba kaboni dayoksaidi, inakuwa asidi dhaifu, na asidi hiyo inayeyusha jiwe taratibu. Mnapochota ndoo kisimani mnachota na kalsiamu iliyoyeyuka ndani yake.

Kalsiamu inapokutana na sabuni ya kipande inashika vichwa viwili kwa mpigo, na sabuni iliyoshikwa namna hiyo haiyeyuki tena. Madonge meupe ndiyo hiyo. Kwa hiyo kila kipande unachosugua mwanzo kinaliwa na kalsiamu, na povu halianzi mpaka kalsiamu imekwisha. Mvua haijagusa jiwe, ndiyo maana bibi alipata povu hadi viwiko. Alikuwa ameshapima kwa mikono.

Ukoko mweupe ndani ya birika lako ni chokaa hiyo hiyo. Ukichemsha maji sehemu yake inaganda na kutuama, na maji yanalainika kiasi. Sabuni ya unga nyingi haisumbuki hivyo kwa sababu vichwa vyake ni vya aina nyingine, kalsiamu haivigandishi kwa urahisi.

Na nikwambie jambo la kufanya. Chukua chupa mbili za maji za plastiki zinazofanana. Moja tia maji ya kisima, nyingine ya mvua, kipimo kimoja. Yeyusha kipande kidogo cha sabuni kwenye kikombe cha maji ya mvua, kisha dondosha matone kwenye kila chupa ukihesabu, unafunga, unatikisa, mpaka povu lisimame. Kabla ya vifaa vya leo, wakemia walipima ugumu wa maji hivyo hivyo, kwa kuhesabu sabuni.

Mama wa Makunduchi

Hayo ya kupima ni ya watu wa maabara mwanangu. Miye skuli niliiachia njiani, nikaingia kwenye mwani na watoto.

Mleta uzi

Mama, niruhusu nikusimulie. Ujerumani, mji wa Braunschweig, alikuwapo msichana akiitwa Agnes Pockels, mzaliwa wa 1862. Chuo kikuu hakikuwa wazi kwa wanawake wakati ule, naye alibaki nyumbani akiwahudumia wazazi wake wagonjwa. Alipokuwa akiosha vyombo aliona jinsi mafuta na sabuni vinavyobadilisha uso wa maji. Akajitengenezea chombo: karai refu la bati lililojaa maji, kipande cha bati cha kusogeza ili kuubana uso wa maji, na mizani ya kupimia nguvu inayohitajika kung'oa kitu usoni. Kwa miaka alipima peke yake jikoni. Mwaka 1891 aliandika barua kwa Lord Rayleigh wa Uingereza, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa zama zake, na Rayleigh akaipeleka ikachapishwa katika jarida la *Nature*. Vyombo vilivyofuata vya kupimia tando za namna hii vimejengwa juu ya wazo la lile karai lake.

Chupa zako mbili zinatosha kabisa.

Fundi sabuni, Paje

Hodi uzini. Sisi ni kikundi cha kina mama, tunatengeneza sabuni ya mwani. Mafuta yetu ni ya nazi, kostiki soda tunapima kwa mizani, tunatia unga wa mwani, mafuta ya karafuu au mchaichai, tunamimina kwenye kasha, tunaacha wiki kadhaa ikomae. Nimeona mambo mawili sijapata wa kunieleza. Kwanza, sabuni ya nazi povu lake kubwa, linakuja upesi na linakwisha upesi. Tukichanganya na mafuta mengine povu linakuja polepole lakini dogo dogo, linakaa kama krimu. Pili, ya nazi inatoa povu hata baharini. Tukitoka shambani kwenye mwani tunanawa nayo maji ya bahari na inatoka.

Mleta uzi

Ahsante sana dada, hapa umetia mkono penye jungu lenyewe.

Yote mawili yanatokana na urefu wa mkia. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo mkia wake ni kaboni 12 tu. Mafuta mengine mengi yana mikia ya kaboni 16 na 18. Mkia mfupi unayeyuka vyema na unakimbia upesi kufika usoni, basi povu linazuka ghafla. Lakini utando wake haukazani kama wa mikia mirefu inayolalana karibu karibu, ndiyo maana povu la mchanganyiko linatulia zaidi. Chumvi ya bahari nayo huifukuza sabuni ya mkia mrefu kutoka majini, inaganda. Ya nazi inastahimili. Mabaharia waliijua tangu zamani, wakaiita sabuni ya bahari.

Na kuna kitu kimo kwenye sabuni yenu ambacho viwanda vingi vikubwa hukitoa: gliserini. Inazaliwa pale pale mafuta yanapogeuka sabuni, nanyi mnaiacha ndani. Gliserini hushika maji. Kiputo hufa kwa njia mbili kubwa, ama maji ya ukutani yanashuka chini kwa uzito, ama yanakauka. Gliserini inachelewesha yote mawili. Sukari kidogo kwenye kikombe cha mtoto inafanya kazi kama hiyo. Na wakati wa masika, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, viputo huishi zaidi kuliko siku kavu za upepo.

Mwanafunzi, Chake Chake

Mwalimu, mbona kiputo kina rangi ilhali maji ya sabuni hayana? Na nimeona kabla hakijapasuka juu pake panakuwa kama pana tundu jeusi.

Mleta uzi

Jicho zuri. Pinda waya uwe kitanzi, uchovye, uushike wima mbele ya kitu cheusi huku mwanga wa dirisha ukikutoka nyuma. Utaona mistari ya waridi na kijani inashuka polepole, kwa sababu maji yanateremka na utando unakonda kuanzia juu. Mwanga unaakisiwa mara mbili, kwenye uso wa mbele na uso wa nyuma. Miale hiyo miwili ikirudi pamoja, rangi nyingine zinaongezeana nguvu, nyingine zinauana, na unene wa utando ndio unaoamua ipi ibaki. Utando ukikonda mno, miale yote inauana, kwa kuwa ule wa uso wa mbele unageuzwa unapoakisiwa na ule wa nyuma haugeuzwi. Hapo hakirudi kitu machoni, pale juu panaonekana peusi.

Si tundu, utando bado upo. Robert Hooke aliwaeleza wenzake London juu ya doa hilo jeusi mwaka 1672, na Newton akaliandika kwenye kitabu chake cha mwanga cha 1704. Unene wa sehemu hiyo nyeusi ni nanomita 30 au chini yake. Unywele mmoja ni mnene zaidi ya mara elfu mbili. Nimekaa na wanafunzi tukilitazama doa jeusi likipanuka, darasa zima kimya, na kila mara bado linanishangaza.

Kikipasuka hukioni kinavyopasuka. Utando wa mikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita, hufunguka kwa kasi ya mita 7 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kiputo cha ukubwa wa ndimu kinakwisha kabla jicho halijapepesa.

Mvuvi wa Micheweni

Povu la bahari nalo sabuni? Kusi likivuma huku kwetu ufuo unakuwa mweupe, povu linasukumwa na upepo mpaka kwenye mikoko.

Mleta uzi

Kazi ni ile ile, kaka, mfanyakazi mwingine. Viumbe vidogo vya baharini na majani yanayooza hutoa protini na mafuta, na hivyo vinashika uso wa maji kama sabuni. Chumvi yenyewe nayo inasaidia: inazuia viputo vidogo visiungane upesi, basi wimbi la bahari likivunjika linatoa viputo vidogo vingi, na la maji yasiyo na chumvi linatoa vikubwa vichache. Kila kiputo cha bahari kikipasuka kinarusha vitone vyenye chumvi hewani. Upepo unavibeba hadi kwenye mabati ya nyumba za pwani, na kutu tunaiona wote. Vingine vinapanda juu zaidi, na mvuke wa mawingu unashikia hapo.

Mdau wa Mjini

Mwalimu, kwa heshima zote. Nimesoma uzi wote na nimeelewa. Lakini kijana wa kidato cha nne anayehangaika na mtihani na ajira, haya ya povu yanamfaa nini? Nauliza kwa dhati, maana nna wanangu wawili na wanachoshwa na sayansi isiyogusa maisha.

Muuguzi

Naomba nimjibu kaka hapo juu, kwa sababu nafanya kazi wodi ya watoto wachanga na kila siku natazama viputo.

Mapafu ya binadamu yana vifuko vidogo vya hewa kwa mamilioni, na kila kifuko ndani kimelowa. Kwa hiyo kila kifuko ni kiputo. Mtoto anapozaliwa wiki ya 28 ya mimba, vifuko vyake bado havijawa na ule utelezi wa kutosha wa kulegeza maji, kitaalamu tunauita safaktanti. Kwa kawaida huwa wa kutosha kuanzia wiki ya 34 au 35 hivi. Bila ya huo, maji yaliyomo yanajibana na vifuko vinafumba kila mtoto anapotoa pumzi. Kila pumzi inakuwa ngumu kama ile ya kwanza. Utaona mbavu zinaingia ndani, pua zinapanuka, na mlio wa kugumia. Baada ya saa kadhaa mtoto anachoka.

Tunachofanya: mrija laini unapeleka hewa puani, na mrija wa kutolea unazamishwa kwenye chupa ya maji. Ukizamisha sentimita 5, mapafu yanabaki na shinikizo la sentimita 5 za maji, vifuko havifumbi vyote. Hewa inatoka kwa kububujika. Nikiingia zamu ya usiku naanza kwa kusikiliza. Chupa ikinyamaza, kuna mahali panavuja, mara nyingi mrija umetoka puani au kinywa kimefunguka, na narekebisha mara moja.

Mleta uzi

Jazaakillahu kheri, dada. Niongeze hesabu, halafu niseme langu.

Shinikizo la ndani ya kiputo linapanda kadiri kiputo kinavyokuwa kidogo. Laplace wa Ufaransa na Young wa Uingereza walilifikia hilo takriban mwaka 1805. Kiputo cha sabuni chenye nusu kipenyo cha sentimita 1 kina paskali 10 tu za ziada, sawa na uzito wa maji ya kina cha milimita 1. Ukiunganisha viputo viwili kwa mrija, kidogo kinajimwaga ndani ya kikubwa, na si kinyume chake. Sasa chukua kifuko cha pafu chenye nusu kipenyo cha sehemu ya kumi ya milimita. Kikiwa na maji matupu kinahitaji kama sentimita 14 za maji ili kisifumbe, na vidogo vitajimwaga kwenye vikubwa. Safaktanti inashusha mvutano, na inaushusha zaidi kifuko kinapokuwa kidogo, kwa sababu inabanana. Ndipo vidogo na vikubwa vinakaa pamoja. Ni kazi ile ile ya sabuni kwenye ukuta wa kiputo.

Waliofungua jambo hili walianza kwa povu. Pattle, Mwingereza, aliona mwaka 1955 kwamba viputo vilivyotoka kwenye mapafu havipasuki kama vya kawaida, akajiuliza vimefunikwa na nini. Clements, Mmarekani, akapima mwaka 1957. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead wakaonesha kwamba watoto njiti waliokufa kwa shida ya kupumua walikosa kitu hicho. New Zealand, mwaka 1972, Liggins na Howie wakaonesha kwamba sindano ya steroidi kwa mama kabla ya kujifungua inayaharakisha mapafu ya mtoto kukomaa. Mwaka 1980 Fujiwara wa Japani aliwapa watoto safaktanti iliyotokana na ng'ombe, wakapumua.

Langu ni hili. Mtoto niliyeanza naye uzi huu alizaliwa wiki ya 30. Siku nne nilikaa kwenye benchi nikisikia ile chupa inabubujika, nasomesha sayansi na sikujua ninachokisikia. Mama yake alichomwa sindano ile siku mbili kabla. Kaka wa Mjini, ndiyo sababu nilijizuia aliponiuliza. Nilitaka yeye apate jibu la kweli.

Mdau wa Mjini

Nimenyamaza hapa na simu mkononi. Mwenyezi Mungu amkuze. Kesho naukata mpapai wangu kikonyo kimoja.

Mama wa Makunduchi

Mwalimu, nimefanya. Juzi ilinyesha, nikakinga. Chupa mbili, nusu nusu, mjukuu wangu ndiye aliyehesabu. Ya mvua matone sita, povu likasimama inchi nzima. Ya kisima matone sita hakuna, kumi na mbili hakuna, maji yakawa meupe kama tui jepesi na madonge yakaanza kushuka. Povu lilisimama tone la thelathini na moja. Tukachemsha maji ya kisima, tukayaacha yapoe yatuame, tukapima tena: kumi na tisa. Nimeandika kwenye daftari la mwani. Leo jirani kaja na ndoo ya kisima chake, anataka tumpimie na yeye.